Yago haina sura ya mtu

Mmeuliza wiki hii: kati ya tamthilia za kisayansi za televisheni, ni ipi iliyosema kweli kuhusu kumngoja mtu aliyepotea? Jibu langu ni The Leftovers. Najua kuna watakaonuna kwamba hiyo si ya kisayansi, haina hata chombo kimoja cha angani. Ina mashine moja, mwishoni kabisa, na tutaifikia. (Kama hujaimaliza, ruka barua hii.)

HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, waliionyesha kuanzia 2014 hadi 2017. Mimi nilichelewa, nikatiliwa misimu yote mitatu kwenye flashi pale Kondele, Kisumu. Hadithi ni hii: siku moja, tarehe 14 Oktoba, asilimia 2 ya watu duniani, kama milioni 140, wanatoweka kwa mpigo, na hakuna anayejua kwa nini. Mama mmoja, Nora Durst, yuko jikoni, mumewe na watoto wake wawili wako mezani. Anawapa mgongo kidogo tu. Akigeuka, viti vitupu. Miaka mitatu baadaye bado ananunua maboksi yale yale ya kiamshakinywa cha watoto. Yakikaa sana anayatupa bila kuyafungua, ananunua mengine.

Nilisimamisha video hapo, maana niliyemwona ni dani, nyanya yangu.

Baba mdogo alikuwa mvuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, upande wa Uyoma. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi haupo, taa zinawekwa juu ya maji na samaki wanazifuata. Mwaka 2012 upepo uliwakuta ziwani wakiwa wanne. Wawili waling'ang'ania mtumbwi hadi kukapambazuka. Wa tatu aliibuka maiti siku ya tatu, kama kawaida ya ziwa kurudisha watu. Baba mdogo hakuibuka. Watu walikaa ufuoni, wengine wakazunguka kwa mitumbwi wakipekua magugu maji kwa makasia, wiki nzima, kisha mmoja mmoja wakarudi kazini.

Simu yake ilibaki kwa kinyozi, ikichajiwa. Hakuna mvuvi anayeingia ziwani na simu nzuri. Dani aliichukua, na tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, mjukuu mmoja hutumwa dukani kuitilia kredo, yaani salio, ya shilingi 10 ili laini isifungwe. Hesabu yake ni hii: mtu akiwa mbali, amechanganyikiwa, hana kitambulisho, namba anayoweza kuikumbuka ni ya kwake mwenyewe.

Na ilikuwa ikilia, hiyo simu. Mara ameonekana Mwanza. Mara yuko Busia anasukuma mkokoteni. Kuna bwana mmoja alisema anajua alipo ila hana nauli ya kumfuata. Akatumiwa nauli. Na yeye hatujamsikia tena.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataka miaka 7 ya kutosikika kabla mahakama haijamhesabu mtu kuwa amekufa. Boma haliwezi kukaa miaka 7. Mkewe hakuwa mjane wala hakuwa na mume, na wavulana wake hawangeweza kujenga simba zao, vile vibanda vya vijana wa Kijaluo, mlango wa baba ukiwa bado haujulikani uko wazi au umefungwa. Mwaka wa pili wazee wakasema tuzike yago.

Yago ni tunda la mti ambao vitabu vya Kiswahili huuita mwegea. Linaning'inia kwa kikonyo kirefu kama kamba, la kijivu, nene kama paja, na uzito wake ni wa mtoto mchanga aliyeshiba. Sisi Wajaluo huzika yago mwili usipopatikana. Majirani zetu Waluhya huzika shina la mgomba. Tuliliviringisha ndani ya shati lake la buluu, tukafunga vifungo vyote, likalazwa kwenye jeneza la ukubwa wake kamili. Lilikuwa likibingirika. Ilibidi mtu alikingie blanketi pande zote mbili. Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja na rafiki wa shule kutoka Nakuru, na niliona haya, nikingoja acheke. Hakucheka. Shangazi alipoliita lile tunda kwa jina la baba mdogo, rafiki yangu ndiye aliyetoka nje kwanza.

Kwenye The Leftovers kuna kampuni inayouza yago zao. Ni midoli, sura na ngozi ya mtu wako aliyetoweka, upate cha kuzika. Msimu wa kwanza unapoisha, kundi moja la watu wa mavazi meupe, wasiosema na wanaovuta sigara mfululizo, wanaitumia. Nora anashuka asubuhi, anakuta midoli ya mumewe na watoto imeketishwa mezani. Kilio kile sikuweza kukirudia kukitazama. Ndipo nikaelewa kwa nini wazee hawachongi sanamu. Yago haifanani na mtu yeyote. Hakuna aliyesimama kando ya kaburi lile akadhani, hata kwa sekunde, kwamba ni yeye.

Kosa hilo hilo, la kumpa anayengoja sura ya mtu wake, liko kwenye The X-Files, tamthilia nyingine ambayo wengi wenu mtaitaja. Mpelelezi Fox Mulder anamtafuta dada yake Samantha, aliyechukuliwa Novemba 1973 akiwa na miaka 8. Wanawake wanamjia na sura ya Samantha, sio yeye. Hayo nayaamini kabisa, ni yule bwana wa nauli. Halafu mwaka 2000 waandishi wanamleta msichana mwenyewe, katika mwanga, na muziki, anamkumbatia kaka yake, na Mulder anasema yuko huru. Hivi hivi tu. Mdoli mwingine, huu wa mwanga.

Nora hapewi hivyo. Katika kipindi cha mwisho yeye ni mzee, yuko Australia, anakunywa chai na Kevin, mwanamume aliyempenda. Anamwambia aliingia kwenye mashine, ikampeleka waliko wale waliotoweka. Kule, waliopotea ni sisi. Akaifikia nyumba, akamwona mumewe na mwanamke mwingine, watoto wamekua, wanacheka. Akageuka akarudi. Kamera haituonyeshi lolote kati ya hayo, ni uso wake tu na maneno yake. Kevin anasema anamwamini.

Watu wamegombana miaka kama alidanganya. Nilimsimulia dani Krismasi moja, kwa Kijaluo, tukichambua omena kwenye ungo.

"Hakuwagusa hao watoto?" akauliza.

"Hakuwagusa."

"Basi aliwaona. Angekuwa anadanganya angesema walimkimbilia."

Akapuliza vumbi la omena ungoni, akaniuliza kama ile kredo nimeshaitia.