Usiku wa Ijumaa si Ijumaa usiku

Wiki iliyopita dada mmoja wa Pemba aliniletea ujumbe mrefu. Tiketi yake ilisema Ijumaa, 00:40. Siku hiyo ya Ijumaa, baada ya Maghrib, akapanda gari na jamaa zake kwenda uwanja wa ndege. Ndege ilikwishaondoka tangu usiku uliopita. Anasema pesa zilimuuma, lakini lililomuuma zaidi ni neno la mjomba wake palepale mbele ya watu: "Ndiyo maana tukakwambia, mwanamke hasafiri peke yake."

Nimeshamjibu kwa faragha. Najibu na hapa kwa sababu neno lile limenikaa rohoni. Mwanamme angeisoma tiketi ile kama alivyoisoma yeye, naye angeachwa vilevile. Lile ni kosa la kusoma saa, na kusoma saa mtu hufundishika kwa dakika kumi.

Sisi siku yetu huanza jua likitua. Mtu mzima wa Wete au Makunduchi akisema usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ule unaoingia Alhamisi baada ya Maghrib, ambao watu husoma Yasin. Siku ya tiketi huanza saa 6 kamili ya usiku, nayo huandikwa 00:00. Kwa hiyo Ijumaa 00:40 imo ndani ya usiku wa Ijumaa kwa hesabu ya bibi zetu. Bibi asingeikosa ndege ile. Tunaoikosa ni sisi tuliozoea kusema "Ijumaa usiku", tukakusudia Ijumaa baada ya Isha.

Shika hivi: tiketi ikiandikwa saa yoyote kuanzia 00:00 hadi 05:59, jiandae kutoka nyumbani tangu siku iliyotangulia. Ya 05:30 unaweza kuiona ni ya alfajiri, lakini ukitakiwa uwanjani saa tatu kabla, ni saa 8 na nusu ya usiku, basi mkoba ufungwe na gari liagizwe tangu jana yake. Kugeuza saa, 00 hadi 06 ongeza sita: 00:40 ni saa 6 na dakika arubaini usiku, 02:30 ni saa 8 na nusu usiku. Kuanzia 07 hadi 18 toa sita: 13:00 ni saa 7 mchana. Kuanzia 19 toa kumi na nane: 21:40 ni saa 3 na dakika arubaini usiku. Kisha chukua karatasi uandike kwa maneno: siku ya kutoka nyumbani, saa ya kufika uwanjani, saa ya kuruka. Kwa ndege ya yule dada ingesomeka hivi: "Alhamisi, natoka baada ya Isha, niwe uwanjani saa 3 na nusu usiku, naruka saa 6 na dakika arubaini." Ibandike mlangoni, na anayekusindikiza apewe nakala. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya kuruka, na ikishafungwa hata kilio hakiifungui.

Jengine la saa: kila saa iliyo kwenye tiketi ni ya mji wenyewe. Nairobi, Addis Ababa, Doha na Istanbul saa yao ni sawa na yetu. Dubai na Muscat wametutangulia kwa saa moja, Mumbai kwa saa mbili na nusu. Simu hujigeuza yenyewe ikipata mtandao, lakini saa ya mkononi haijigeuzi, na kwenye uwanja wa kubadilishia ndege hiyo ndiyo humponza mtu.

Sasa majina, maana hapa ndipo safari nyingi za kwetu zinapokwama kabla hazijaanza. Jina letu ni letu, la baba na la babu. Paspoti inataka jina la ukoo peke yake na mengine peke yake, na fomu ya tiketi ndivyo inavyouliza. Usikisie. Fungua ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini kabisa yenye alama kama vichwa vya mishale. Mstari wa kwanza unaanza na P, halafu TZA, halafu jina. Jina linalofuata TZA hadi kwenye mishale miwili iliyofuatana ndilo la ukoo. Yanayokuja baada ya hapo ndiyo majina yako mengine. Nakili hivyohivyo, herufi kwa herufi. Paspoti ikisema FATMA, tiketi isiseme FATUMA, hata kama nyumbani hakuna anayejali tofauti hiyo.

Na kama cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema Fatuma, rekebisha kabla ya kuomba paspoti, kwa utaratibu huu: barua ya sheha, kisha cheti kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kisha kitambulisho, paspoti mwisho. Ukianzia juu kushuka chini utarudishwa dirishani mara tatu. Mwanamke wa kwetu habadilishi jina akiolewa, na hilo ni jambo la heshima, lakini afisa wa ugenini haelewi kwa nini wewe ni Hamad na mumeo ni Khamis. Ikiwa maombi yako yanamtaja mume, ambatisha cheti cha ndoa na tafsiri yake ya Kiingereza. Ukisafiri na mtoto bila baba yake, chukua cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba.

Alama za vidole ni jambo ambalo sijaona mtu akiwaonya wanawake wetu. Anayelima mwani, anayechuma na kuchambua karafuu, anayefua kwa mikono kila siku, ngozi ya vidole vyake hulika na kuchanika. Mashine husoma vile vimistari vidogo vya ncha ya kidole, na mkwaruzo ukivikata inakataa. Siku kumi kabla ya miadi pumzisha mikono au vaa glavu, na usiku paka mafuta ya nazi. Asubuhi ya miadi osha kwa sabuni mafuta yatoke yote. Hina na piko za ncha za vidole zisubiri hadi umeshatoka ofisini. Picha ya paspoti unapiga na mtandio wako, hakuna wa kukuvua, alimradi uso uonekane wote kuanzia kidevu hadi juu ya paji. Usivae mtandio wa rangi ya ukuta wa nyuma, kwa sababu kichwa kitapotea.

Kwa viza ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukinyimwa. Bima ya matibabu ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu. Wakikupa, ni siku 90 katika kila siku 180, na alama za vidole watakazochukua wanaweza kuzitumia tena kwa miezi 59. Linaloharibu maombi mengi ni taarifa ya benki: akaunti kavu miezi yote, halafu wiki ya mwisho inaingia milioni kumi ya kuazima. Afisa anaiona mara moja. Pesa kidogo inayoingia kila mwezi, yenye maelezo, ni bora kuliko rundo lisilo na asili. Kama hujafika huko, anzia karibu: Kenya, Zambia, Afrika Kusini na Malaysia hazituombi viza kwa matembezi mafupi.

Kadi ya manjano ya homa ya manjano ichomewe mapema. Huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 sindano moja ni ya maisha. Anayekuuzia kadi bila sindano anakuuzia matatizo.

Wa Pemba, kuna bahari kwanza. Wakati wa kusi mkondo wa Pemba huchafuka, na boti inaweza kuahirishwa, kwa hiyo usiunganishe boti ya Mkoani na ndege ya siku hiyohiyo. Vuka siku moja kabla, ulale Unguja. Kaa katikati ya boti, chini, karibu na nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo, utazame pale bahari inapokutana na mbingu. Kidonge cha kichefuchefu kinywewe nusu saa hadi saa nzima kabla ya kung'oa nanga, maana ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Usipande na njaa. Kula mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha, uache urojo.

Zawadi nazo zina sheria zake. Halwa, achari na mafuta ya nazi vinahesabiwa kama maji: chombo kinachozidi mililita 100 hakipiti mkononi, weka kwenye mkoba wa kupakiwa. Ulaya hawaruhusu nyama wala maziwa ya abiria kutoka kwetu, hata kipande cha nyama kavu. Matunda wanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, yaani doriani letu. Embe la bolibo litaishia kwenye pipa. Karafuu za shambani usizitie mkobani kabisa. Mnunuzi wake kisheria ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na sheria ya magendo haina huruma na gunia wala mfuko mdogo. Nunua zilizofungwa dukani, na risiti uitunze.

Betri ya akiba ya simu iwe mkononi, isipakiwe chini. Kikomo ni Wh 100, yaani wati-saa, kipimo cha nishati ya betri. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita. Pini za chuma za mtandio huweza kulia kwenye mlango wa ukaguzi, tumia za plastiki. Ukihitaji kupekuliwa una haki ya kuomba afisa mwanamke na mahali pa faragha. Sema kwa sauti ya kawaida, si jambo la aibu.

"Unakwenda na nani?" Mwanamme akifunga mkoba huulizwa anakwenda wapi. Sisi huulizwa na nani. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu, alivuka hadi Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, mwaka 1928 na wapiga vyombo wake kurikodi nyimbo, na sauti yake ikarudi huku kwenye santuri kabla wengi wetu hatujajua Bombay iko wapi. Wanaotuuliza swali hilo wengi wanatupenda, nalijua hilo. Lakini dada zangu, hofu yao isiwe sababu ya kumkabidhi dalali paspoti "akushughulikie". Huko ndiko kwenye hatari yenyewe, kuliko njiani. Paspoti hukai nayo mbali, iwe kwa dalali, iwe kwa mwenyeji, iwe kwa mwajiri. Viza ya matembezi si ya kazi, na anayekwambia utaibadilisha ukifika hatakuwepo siku utakayohitaji kutetewa. Picha ya ukurasa wa paspoti iache kwa mtu mmoja nyumbani, pamoja na anwani unayolala na namba ya ubalozi wetu wa nchi hiyo.

Doti ya kanga igawe: upisi mmoja mkononi, mmoja kwenye mkoba wa chini. Wa mkononi ni blanketi ya ndege, msala, pazia la kitanda cha hosteli na taulo mkoba ukichelewa.

Na wewe dada wa Pemba, mwandikie leo aliyekukatia tiketi. Muulize mambo mawili. Kwanza, kodi za uwanja za safari usiyoruka mara nyingi hurudishwa hata nauli ikipotea, omba uzipate. Pili, tiketi ya kurudi: ukikosa kipande cha kwanza, vilivyobaki kwa kawaida hufutwa, basi usiende ukidhani bado unayo. Tiketi mpya tafuta inayoruka kati ya 08:00 na 18:00. Mjomba akitaka kukusindikiza tena, mkaribishe, umwandikie siku na saa kwenye karatasi ileile ya mlangoni.