Mnalaumu watoto, mimi nalaumu basi la tatu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Kwa nini kampuni nyingi za mabasi ya mikoani hufa pamoja na mzee aliyezianzisha?" Majibu ninayoyasikia karibu yote ni wimbo mmoja. Watoto wamelelewa kwenye kiyoyozi, hawajawahi kushika spana, mzee anafumba macho na wao wanafumbua sefu. Jibu hilo ni jepesi mno. Bora mngeuliza kampuni hizi hukua vipi, maana ugonjwa huingia wakati wa kukua, msiba huja kuutangaza tu.

Chukua njia ya Dar hadi Mtwara, kama kilomita 560. Basi linatoka Dar alfajiri, linafika jioni, linalala, kesho yake linarudi. Mwenye basi moja hana ratiba. Abiria wa kesho akifika stendi halikuti, anapanda la mwingine, na akishazoea huko harudi. Akiongeza la pili, kila alfajiri moja linatoka Dar na jingine Mtwara, yanapishana maeneo ya Nangurukuru, na jina la kampuni linaonekana kila siku. Kwa nje hiyo ni kampuni. Kwa ndani, magari yale mawili hayana hata siku moja ya kupumzika. Kila moja linapiga karibu kilomita 17,000 kwa mwezi. Ukibadilisha oili ya injini kila kilomita 10,000, maana yake ni kila baada ya siku 18. Siku hiyo inatoka wapi? Inaibwa usiku, fundi kabana tochi kwa meno, dereva wa alfajiri kalala ndani ya gari lile lile linalogongwa nyundo chini.

Kinachofanya kampuni ni basi la tatu, lile lisilosafiri. Linakaa gereji tangi likiwa limejaa, tairi zimepimwa upepo, linasubiri mwenzake aumwe. Kwa macho ya familia hilo ni gari linalolala bure. Shemeji anauliza kwa nini lisipige hata harusi. Benki nayo haijui gari la akiba, inajua tarehe ya rejesho. Basi linapelekwa Masasi au Newala "kwa muda", na kuanzia hapo mwenye kampuni ana njia mbili na akiba hana. Akinunua la nne, njia nyingine. Ndivyo unavyokuta mtu ana magari 12 barabarani na sifuri gereji, watu wanamwita tajiri, na moja likifa klachi Kibiti abiria wanasambazwa kwenye mabasi ya wapinzani wake, nauli akilipa yeye.

Wenye umri wataelewa nikitaja Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni. Abiria wanashuka, basi linaingia tupu, na dereva macho yote yako kwenye mkia, ile sehemu inayozidi nyuma ya tairi. Ndiyo maana mabasi ya kusini yalikuwa malori yaliyovishwa bodi: injini mbele, chasisi juu, mkia mfupi. Basi lenye mkia mrefu likishuka kwenye mlango wa pantoni linaburuza kitako, na kama injini iko nyuma, kinachoburuzwa ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Daraja lilipofunguliwa, watu waliona kusini kumefunguka. Kumbe kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zilibaki udongo kwa miaka mingi baada ya hapo, na kipande hicho ndicho kilichotenganisha kampuni na mikusanyiko ya magari.

Wapo waliokimbilia mabasi ya starehe, injini nyuma, mifuko ya upepo badala ya springi. Kiangazi yalipendeza. Vumbi la nyuma ya gari, ambalo kwenye injini ya mbele mnaliacha mnapokwenda, kwenye injini ya nyuma ndilo linalovutwa na feni. Chujio la hewa linaloandikwa kuwa la maelfu ya kilomita likawa linapigwa upepo kila safari, na rediata inaziba kwa tope kavu mpaka injini inachemka. Masika ikija, mfuko wa upepo ukipasuka hapo katikati, gari linalalia ekseli, na hakuna fundi wa njiani awezaye kuuziba.

Springi za majani, zile za vyuma bapa vilivyobebana, ni habari nyingine, zinavunjika lakini zinatengenezeka. Kwenye kipande kile kilichokatika zaidi ni sentabolti, ile inayopita katikati ya majani na kuyaweka mahali pake juu ya ekseli. Watu husema ni uzito. Mara nyingi si uzito, ni yubolti zilizolegea, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Majani yakipata nafasi ya kucheza katikati, mzigo wote wa kuyashikilia unaiangukia sentabolti, na unene wake haufiki kidole gumba. Ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Dereva ananyoosha usukani, gari linakwenda mshazari kama kaa, na tairi la nyuma linaanza kula madigadi. Abiria wananusa mpira unaungua kabla konda hajajua.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka utaratibu. Zuia tairi za mbele kwa magogo. Pandisha chasisi, si ekseli, na jeki iwekwe juu ya ubao mpana, la sivyo kwenye tope lile itazama jeki na gari libaki pale pale. Legeza nati nne za yubolti. Bana majani kwa klampu kubwa kabla ya kugusa chochote kingine, maana yakifyatuka yanavunja mkono. Toa kipande kilichobaki kwa panchi, pitisha bolti mpya, kisha vuta ekseli kwa mnyororo mpaka kichwa cha bolti kiingie kwenye tundu la kitako chake. Kisipoingia humo umefanya kazi bure. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba. Halafu, na hapa wengi hukosea, zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100, maana majani yakishajipanga nati hulegea. Fundi wa njiani hayupo kilomita 100 mbele. Konda yupo, ila spana namba hiyo hana, na hata akiwa nayo hajaambiwa.

Samahani kwa kukaa sana kwenye bolti. Nimekaa kwa sababu ukiuliza nani alivuka miaka ile, jibu linaanzia hapo. Walivuka walioyaacha malori yao ya zamani gereji wakati wengine wanayauza, wakayatoa masika na kuyarudisha ndani kiangazi. Basi la tatu, kwa jina lingine. Na wengi wao walikuwa na ndugu njiani. Kaka yuko Mtwara, mdogo wake Dar, na Nangurukuru yuko shemeji mwenye kiduka, chini ya kaunta kuna sanduku la sentabolti, mikanda ya feni, jani kuu la springi lililofungwa gunia, na ile spana. Gari likipita anasimama barabarani analikaza. Halipwi mshahara wa fundi, analipwa kwa kupakiziwa bidhaa zake bure.

Hapo msimamo wangu unaanza kuyumba, na nauacha uyumbe. Nilitaka kusema familia haina hatia. Ukweli ni kwamba familia ndiyo iliyokuwa mfumo. Kifurushi hakina kiti, kwa hiyo hesabu yake inapotea kirahisi kuliko ya abiria, na bila ndugu wa kuaminika kila mwisho wa njia, buti la basi linakuwa mali ya konda. Tiketi mtandao inayosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, imebana upande wa abiria, na king'amuzi cha mwendo kinamwambia mwenye gari dereva akipita 80, kazi ambayo zamani aliifanya binamu aliyekaa kiti cha mbele akijifanya abiria. Lakini hakuna mtandao unaokaza yubolti.

Sasa tuje kwenye msiba. Tuseme mzee ameacha mabasi manane, hana deni, ameacha mjane, watoto wa kiume watatu na wa kike mmoja. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane anachukua thumuni, yaani basi moja. Yanabaki saba, kila mwanamume mawili, binti moja. Hesabu inatoka sawasawa, hakuna ugomvi, na siku hiyo hiyo kampuni imekufa. Kati ya manane yale, sita yalikuwa njiani na mawili yalikuwa akiba ya wote. Baada ya mgawo hakuna mwenye akiba. Kisha kuna vitu visivyogawika: muda wa kuondoka uliopo kwenye leseni ya njia, stoo ya spea, jina lililoandikwa ubavuni, na fundi mkuu anayejua kwamba gari fulani linakula oili na jingine lina difu iliyotolewa gari lingine. Stoo ndiyo huisha kwanza. Kila mmoja anachukua kwa ajili ya lake, mwezi wa tatu wanaanza kuchinja lile bovu zaidi ili mengine yatembee, na kwa kawaida lile bovu ni la dada.

Na sheria ya dini haina kosa hapo, msije mkanielewa vibaya. Inagawa thamani, haikusema mgawane vyuma. Mabasi yangeweza kubaki kwenye kampuni iliyosajiliwa na warithi wakagawana hisa kwa mafungu yale yale. Tatizo ni kwamba mzee alisajili kila kadi ya gari kwa jina lake, au mbaya zaidi, alikwishaandika hili la Juma, lile la Asha, kwa mapenzi tu, akiwa hai.

Usiku nao umeongeza jambo. Mabasi yalikatazwa kutembea usiku tangu miaka ya 1990, na mwaka 2023 ruhusa ikarudi. Zile saa za giza zilikuwa gereji ya lazima. Leo gari linafika Mtwara saa kumi jioni na saa mbili usiku linageuza. Safari inayozidi saa 8 inataka madereva wawili, kwa hiyo watu wanapumzika, gari halipumziki. Zile siku 18 za oili zimekuwa 9. Mtoto aliyerithi magari mawili anaona ameyafanya kuwa manne bila mkopo, na kwa miezi sita ya kwanza vitabu vya hesabu vitamuunga mkono.

Nikirudi kwenye swali lenu, nimeanza kwa kuwatetea watoto na sasa nawapa nusu ya lawama. Nusu nyingine ya baba zao, waliowafundisha kuhesabu magari yaliyo njiani peke yake. Mtoto aliyeshinda utotoni kwenye kaunta ya tiketi anaijua pesa, na aliyeshinda gereji, mara nyingi mtoto wa dada au kijana wa kulelewa tu, ndiye anayeijua kampuni, ila jina lake halimo kwenye mirathi.

Hayo ni ya njia ndefu. Dar hadi Morogoro haifiki kilomita 200, gari linakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, linalala nyumbani kila usiku, na gari moja la akiba linahudumia mengi. Sishangai kwamba majina makubwa ya kifamilia yaliyodumu, Abood na Shabiby, yamekulia kwenye ukanda huo wa Morogoro na Dodoma. Wao mtihani wao ni treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 kwa nauli ya kuanzia 13,000, na huko sina ubishi wa bolti wala mirathi.

Kusini bado ni kule kule. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita na mvua zake zikaikata barabara Somanga, Dar huku, Lindi na Mtwara kule. Ambaye magari yake yote yalikuwa safarini yalikwama yalipokwama. Mwenye gari lililosimama gereji Mtwara angalau aliweza kuendelea kubeba watu wa Mtwara, Lindi na Masasi mpaka njia ilipounganishwa.