Mnara wa Uhuru kwenye kamera

SWALI: Filamu nyingi huonyesha Mnara wa Uhuru wa Kampala kwa sekunde mbili tu, kama kibao cha "tumefika mjini". Nirekodi vipi upate maana?

JIBU: Gregory Maloba alichonga mama aliyezongwa vitambaa, akimwinua mtoto. Vitambaa ndivyo ukoloni. Ukiviacha nje ya picha, unabaki na sanamu ya familia tu, na hilo ni hasara kubwa. Lenzi pana ukiwa chini karibu humkuza miguu mama na kumfifisha mtoto. Rudi nyuma, tumia lenzi ya milimita 85, anzia kwenye vitambaa, panda taratibu kwa sekunde 10 hadi mikono ya mtoto. Halafu tulia, usikate haraka.

Na tafadhali, hadithi ya miaka ya 1950 isiuonyeshe: ni wa 1962.