Mapigo ya moyo 150 kwa dakika: kawaida au hatari? Inategemea ni ya nani

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Kibaigwa, nasoma kozi ya watoa huduma ya dharura hapa Dodoma mjini. Tumefika mada ya ukuaji wa binadamu toka kuzaliwa mpaka uzee, jedwali refu, namba kibao, imenichanganya kweli. Kwenye zoezi tulipewa ajali ya bodaboda: mtoto wa miaka 3, mapigo 150, presha namba ya juu 84. Nikaandika anavuja damu ndani, mwenzangu akaandika yuko kawaida, mwalimu akasema kila mmoja kapata nusu. Babu yake miaka 74, mapigo 72, presha 110 kwa 70, nikaandika yuko vizuri, hapo nikakosa yote. Kwa nini? Na hilo jedwali ndo nilikariri lote?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuchagua hii kazi, barabara ya Morogoro inawahitaji sana watu kama nyie pale Kibaigwa kabla majeruhi hajafikishwa hospitali ya General au Benjamin Mkapa hapa Dodoma.

Tuanze na mtoto. Moyo wa mtoto ni mdogo, kila ukipiga unasukuma damu kidogo tu na hauwezi kuongeza sana kile kiasi, kwa hiyo mwili ukihitaji damu zaidi njia yake kubwa ni kupiga haraka haraka. Ndo maana kichanga akiwa na mapigo 120 mpaka 160 hatushtuki, mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 anakuwa kwenye 90 mpaka 150, wa shule ya msingi 70 mpaka 120, akishakuwa kijana ndo anaingia kwenye 60 mpaka 100 ya watu wazima. Presha yenyewe inaenda kinyume, inaanza chini inapanda kadiri anavyokua. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka 10 kuna hesabu rahisi, chukua umri zidisha kwa 2 alafu ongeza 70, ile namba ya juu ya presha haitakiwi kushuka chini ya hapo. Miaka 3 inakupa 76. Huyo wako ana 84, kwa hiyo presha haiko chini, wewe ulimpima kwa kipimo cha mtu mzima na hapo mwenzako alikuwa sahihi.

Ila mwenzako naye alifunga faili mapema mno! Presha nzuri kwa mtoto aliyepata ajali haimaanishi yuko salama. Mishipa yake bado laini na ina nguvu ya kujibana, akianza kuvuja damu inajibana, moyo unakimbia, presha inabaki inasoma vizuri hata akiwa ameshapoteza zaidi ya robo ya damu yake, alafu ikianza kushuka inaporomoka ghafla na kumrudisha hapo ni kazi ngumu sana. Fikiria na kiasi chenyewe: wa miaka 3 ana kilo kama 14, damu ni kama mililita 80 kwa kila kilo, jumla lita moja na kidogo. Mtu mzima wa kilo 70 ana kama lita 5. Kwa hiyo nusu lita iliyomwagika kwenye lami ambayo kwa baba yake ungesema ni kidogo, kwa huyu ni karibu nusu ya damu yote aliyonayo.

Sasa mapigo 150 ni ya woga au ya damu? Namba peke yake haikwambii, mtoto mwenyewe ndo anakwambia. Mwangalie ukiwa bado hatua kadhaa kabla hujamshika: analia kwa nguvu? Anamtafuta mama? Anakukataa? Mtoto anayekukataa na kukusukuma mimi nafurahi, anayenipa shida ni yule aliyekuwa analia akanyamaza bila kubembelezwa na mtu, anaangalia tu. Alafu bonyeza ngozi ya kifua kwa kidole sekunde 5, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2 (miezi ya 6 na 7 ule upepo wa Dodoma unapoza vidole, kwa hiyo bonyeza kifuani usibonyeze kucha). Gusa miguu, kama ni ya baridi huku tumbo la moto jua damu inakusanywa katikati. Kisha mwache apakatwe na mama yake na upime tena baada ya dakika 5. Mapigo ya kulia yanashuka akitulia, mapigo ya damu hayashuki hata abembelezwe vipi, tena yanazidi kupanda. Jibu kamili la zoezi lenu lilikuwa hilo: namba ziko ndani ya umri wake ila mapigo yako ukingoni, ngozi na tabia viangaliwe, apimwe tena.

Na kinachotisha zaidi ya mapigo ya haraka kwa mtoto ni mapigo ya POLEPOLE. Mara nyingi sana hiyo ni hewa, anakosa oksijeni na moyo umeanza kuchoka, kwa hiyo mkono wako wa kwanza uende kwenye njia ya hewa. Kisogo cha mtoto ni kikubwa, ukimlaza chali kwenye ubao kidevu kinainamia kifuani na koo linaziba, kunja kanga weka chini ya mabega uone anavyopumua vizuri. Ukishampa hewa na mapigo bado yako chini ya 60 na rangi yake mbaya, unaanza kukandamiza kifua, usisubiri moyo usimame kabisa.

Umri unabadilisha pia jinsi ya kumkaribia mtu. Wa miaka 3 muanzie miguuni ukimalizia kichwani, akiwa kwa mama. Wa miaka 4 au 5 anaweza kuamini ameumia kwa sababu alikuwa mkorofi, mwambie wazi sio kosa lake. Kwa wale wadogo zaidi ambao utosi haujafunga (wa mbele unafunga kati ya mwaka na mwaka na nusu hivi) uguse akiwa ametulia amekaa wima, ukibonyea anaweza kuwa amekaukiwa maji, ukituna hiyo ni dharura ya kichwani. Kijana mtenge na wazazi kidogo ndo umuulize, hasa binti mwenye maumivu ya tumbo, mbele ya baba yake hatakwambia kama amekosa siku zake. Na mjamzito wa miezi mitano kwenda juu mlaze kwa ubavu wa kushoto, damu imeongezeka mwilini mwake kwa hiyo anaweza kuvuja nyingi kabla namba hazijabadilika.

Haya, babu. Mapigo 72 na presha 110 kwa kijana wa miaka 25 ni safi kabisa. Kwa mzee swali la kwanza ni kawaida yake ikoje. Wazee wetu wengi wanaishi na presha ya 160 au 170, sasa mtu wa 170 ukimkuta na 110 baada ya ajali huyo ameshuka vibaya, mwili wake unaliona hilo kama wewe ungeshuka mpaka 70 na kitu. Na mapigo? Muombe mtu wa nyumbani akuletee dawa anazokunywa, ukiona kwenye pakiti imeandikwa atenolol au propranolol basi ule moyo umefungiwa breki, mzee atavuja damu na moyo hautakimbia, utakaa kwenye 72 yake huku mzee anaisha. Hata bila dawa moyo wa uzeeni hauwezi kukimbia kama wa kijana. Hapo ndo ulipokosea yote.

Kichwa chake nacho usikiamini haraka. Ubongo wa mzee unasinyaa kidogo, nafasi kati yake na fuvu inaongezeka, vile vimishipa vilivyopita hapo vinavutika na kuchanika kirahisi, damu inajikusanya taratibu na dalili zinaweza kuja baada ya masaa au siku kadhaa, hasa kama anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo mzee aliyeanguka akasema "niko sawa" bado anaenda hospitali.

Alafu kuna hili la kwetu, mnamfikia mzee mnamwamkia shikamoo, anajibu marahaba, mnaandika fahamu zake timamu. Hapana jamani! Marahaba inatoka yenyewe, ameijibu maisha yake yote, hata aliyechanganyikiwa anaijibu. Mwamkie kwa heshima ndiyo, kisha muulize hapa ni wapi, leo siku gani, amekula nini asubuhi, na muulize wa nyumbani kama jana alikuwa anaongea hivi hivi. Kuchanganyikiwa kulikoanza leo sio uzee, pima sukari, tafuta sababu. Ongea ukiwa mbele ya uso wake, sauti nzito na taratibu, kumpigia kelele hakumsaidii kusikia.

Jedwali lote usikariri, liandike kwenye kadi weka kwenye begi la kazi, kwenye vurugu za ajali hata sisi tunachungulia. Kichwani beba ile hesabu ya presha ya mtoto, beba 60 ya kuanza kukandamiza kifua, na beba kikomo cha pumzi kwa watoto wagonjwa maana hao utakutana nao vijijini kila wiki: chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika ni haraka, miezi 2 mpaka kabla hajatimiza mwaka ni 50 au zaidi, mwaka mpaka miaka 5 ni 40 au zaidi. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia, usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili, watoto wadogo wanapumua kwa kukatakata, utapata jibu la uongo.