Kinoo, noo, na makali yasiyonolewa

Msomaji wa Magomeni ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Ninakusanya mawe makubwa ya kale ya kunoa makali ya nyembe, yale yaliyochimbwa ardhini, si ya kiwandani. Wenzangu kila mmoja ananisahihisha kivyake: huyu anasema kinoo, huyu kijiwe cha kunolea, na mwingine anashikilia kwamba jiwe kubwa haliwezi kuitwa kinoo kwa sababu ya ile ki-. Nisemeje?"

Marahaba. Sema kinoo. Hiyo ki- si ya udogo, ni ya chombo, kama katika kizibo na kifuniko. Shina ni noa, neno la Kibantu, likatiwa -o mwishoni. Basi kinoo kikubwa ni Kiswahili safi. Ukitaka neno linalobeba ukubwa wenyewe, lipo tangu zamani: noo, wingi manoo. Mimi nalipenda, na ningefurahi sana likirudi midomoni mwa watu. Kijiwe waachie wanywa kahawa na wabishi wa mpira.

Kilichonikera katika barua yako ni "kunoa makali". Sikulaumu peke yako, maana umeyaokota magazetini. Ligi ikikaribia kuanza, Simba yanoa makali. Kesho yake Yanga yanoa makali. Siku hizi hata wasanii wanaoa, wanaachana, kisha wananoa makali. Nimechoka nayo, na wewe mwenye mawe ndiye shahidi wangu bora.

Chukua wembe wa kukunja. Unaulaza juu ya jiwe, mgongo na ukingo vyote vikigusa. Unausukuma ukingo ukitangulia, unaugeuza kwa mgongo wake, unaurudisha. Jiwe linakula bapa la upande huu, kisha bapa la upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka yale mabapa mawili yakutane. Pale yanapokutana ndipo tunapopaita makali. Hayakuwapo kabla ya hapo. Yamezaliwa na kunoa. Sasa fuata magazeti: yanoe makali yenyewe. Simamisha wembe wima, ukingo chini, uburute juu ya jiwe. Umeyaua! Mafundi hufanya hivyo kwa makusudi pale tu ukingo ulipomeguka na wanataka kuanza upya, na wembe ukitoka hapo haukati hata unywele mmoja. Hicho ndicho gazeti linachotuambia kila Jumatatu kuhusu timu zetu: kwamba zimejisugua mpaka zimekuwa butu.

Ukubwa wa mawe yako unashuhudia jambo hilohilo. Jiwe la manjano la Ardennes, Ubelgiji, lina chembe ndogo mno za garneti, madini magumu, zinazokwangua chuma ukilitilia maji. Tabaka zake ni nyembamba, ndiyo maana kipande kikubwa ni adimu, na mara nyingi hugandishwa juu ya jiwe jingine ili kisivunjike. Lile la Arkansas, Marekani, karibu lote ni silika, yaani madini yaleyale ya mchanga, na wengi hulitumia kwa mafuta. Jiwe likiwa pana, wembe mzima unalala na kupita kwa mkupuo mmoja. Likiwa jembamba, itabidi uuvute mshazari ili kila sehemu ya bapa ipate zamu yake. Ni bapa tunalolihangaikia wakati wote.

Wahenga walilijua hili. Walisema: Kinolewacho hupata. Tazama upatanisho wa sarufi: ki-, yaani kisu, ndicho kinachonolewa. Wangekuwa na fikra za waandishi wetu wa michezo wangesema "yanolewayo". Na hiyo hupata, maana yake hukata vizuri, ni neno zuri ambalo vijana wa mjini wanalipoteza. Nenda Feri asubuhi, pale wanapopara samaki, usikie: nimekinoa kisu, sasa kinapata, hiki hakipati, kinoe.

Najua nitakavyojibiwa. Mbona tunachimba shimo, na shimo halikuwapo? Mbona tunapika wali, na sufuriani ulitiwa mchele? Hoja hiyo ina nguvu, na ndiyo pekee ninayoiheshimu. Lakini anayechimba shimo hadai kwamba alikuwa na shimo tangu jana. Gazeti husema timu inanoa makali yake, yake yale iliyokuwa nayo msimu uliopita. Zaidi ya hayo, kwa anayetaka kutaja zao la kazi, lugha imeshampa kitenzi: kutia makali. Unautia wembe makali. Huhitaji kulazimisha noa ifanye kazi ya tia.

Kocha kuinoa timu ni jambo jingine. Hapo kitu kizima kimewekwa kwenye jiwe, na ni sitiari halali kabisa. Timu kujinoa, vilevile. Miaka ya nyuma hata hiyo niliionea uchovu, lakini sasa naiacha ipite bila ugomvi. Na mhariri asiniambie kwamba nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, kwa sababu "yajinoa" ni neno moja na "yanoa makali" ni mawili.