Unga wa seli shina na ugonjwa wa lupasi

SWALI: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 27, aligunduliwa kuwa na lupasi mwaka juzi. Anameza haidroksiklorokwini na prednisoloni. Maumivu ya viungo yametulia, ila uso umemvimba, na jambo hilo linamnyima raha. Jirani yetu anauza unga wa seli shina, vipakiti vya kumwaga chini ya ulimi, naye anasema kuwa Ulaya wagonjwa wa lupasi wanapona kwa seli hizo na kuachana na vidonge. Tumeshachanga fedha za maboksi mawili. Je, tununue?
Dada wa mgonjwa, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Msinunue. Jirani yenu amelichukua jambo la kweli akalibandika kwenye bidhaa isiyohusiana nalo, na ndiyo maana maneno yake yanaingia akilini.

Ni kweli kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 hospitali za Ulaya na Marekani zimekuwa zikiwapandikizia seli shina, yaani seli mama zinazotengeneza damu, baadhi ya wagonjwa ambao kinga ya mwili inawashambulia wenyewe, hasa wenye maltipo sklerosisi (ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo) na skleroderma (ugonjwa wa kukakamaa ngozi), na kwa uchache zaidi wenye lupasi. Asichokisema muuzaji ni kwamba katika tiba hiyo seli shina sizo zinazoushinda ugonjwa. Mgonjwa huchomwa sindano kwa siku kadhaa ili seli shina zitoke kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, na kuingia katika damu, kisha damu yake hupitishwa kwenye mashine inayozichuja, nazo hugandishwa kwa baridi kali mno. Baada ya hapo hulazwa na kupewa dawa nzito, zikiwemo zile za saratani, ambazo huziangamiza chembe nyeupe za damu zilizopotoka. Hapo ndipo penye tiba yenyewe. Seli zake hurudishwa ili uloto uliofagiliwa uanze kutengeneza damu na kinga upya, kama shamba linalochomwa moto kwanza, kisha likapandwa mbegu iliyokuwa imewekwa ghalani.

Siku ya kurudishiwa seli haina kishindo: mfuko mdogo huning'inizwa kama dripu yoyote, nacho chumba hunuka mithili ya kitunguu saumu kwa sababu ya kemikali iliyozihifadhi seli zilipogandishwa. Kishindo huja baadaye, kwani kwa takriban siku kumi mgonjwa huishi karibu bila kinga, na homa ndogo tu yaweza kumwondoa.

Matokeo yake ni makubwa kwa pande zote mbili. Katika utafiti wa maltipo sklerosisi uliochapishwa mwaka 2019, ulioongozwa na madaktari wa Chicago kwa wagonjwa 110, ugonjwa uliendelea kuwazidi 3 tu kati ya waliopandikizwa, ilhali kwa waliobaki na dawa ulikuwa umewazidi 34. Lakini katika utafiti wa skleroderma uliochapishwa mwaka 2014, kati ya wagonjwa 79 waliopangiwa kupandikizwa, 8 walifariki ndani ya mwaka wa kwanza kutokana na tiba yenyewe, ingawa baada ya miaka kadhaa kundi hilo ndilo lililoishi zaidi. Dawa nzito za tiba hiyo pia zaweza kumfunga mwanamke kizazi. Kwa hiyo mgonjwa ambaye viungo vyake vimetulia kwa vidonge si wa kupelekwa huko.

Hapa nchini upandikizaji wa uloto umeshaanza, Muhimbili kwa saratani ya uloto na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu, lakini hayo ni maradhi mengine.

Tukirudi kwenye kipakiti, seli shina ni kitu hai. Ikikaushwa ikawa unga na kukaa dukani katika joto la Tanga, imekufa, na hata ingekuwa hai, tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama. Someni ubavuni mwa boksi. Mara nyingi mtakuta tufaha, zabibu au kondo la kondoo. Seli ya tufaha haijui figo ni kitu gani.

Ninalolihofia zaidi ni hilo la kuachana na vidonge. Yaelekea kuvimba uso kunasababishwa na prednisoloni, lakini asiikatishe ghafla hata kidogo, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala kwa kuitegemea, na mwili waweza kuzimika. Daktari ndiye huipunguza hatua kwa hatua, na haidroksiklorokwini, ambayo haivimbishi uso, ndiyo inayoendelea. Kwa dawa hiyo macho yapimwe kila baada ya muda daktari atakaoupanga. Jua la mchana nalo huichochea lupasi, hivyo ajitande vizuri anapotoka.

Fedha mliyochanga itumieni kwa nauli ya kliniki na kipimo cha protini kwenye mkojo, kwa sababu lupasi huweza kuzila figo bila maumivu yoyote. Kabla ya kwenda, andikeni kwenye karatasi anameza miligramu ngapi za prednisoloni na tangu lini, kisha mumwulize daktari waziwazi kama wakati wa kuipunguza umefika.