Mvua ikigonga mabati usiku: kwa yule dada aliyeuliza jana

Umeuliza kama ni wewe peke yako, eti mvua ikianza usiku tumbo linakushika hulali tena, na kwa klabu ya mazingira ukiitwa mbele unajiona huna la kusema. Dadangu, tuko wengi. 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilitoa utafiti wa vijana 10,000 kutoka nchi 10, asilimia 59 wakasema mabadiliko ya tabianchi yanawatia hofu sana. Kenya haikuwemo, lakini wangekuja Mathare, Nairobi, wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 wangepata mtaa mzima una hofu hiyo.

Mimi nilikuwa huko. Maji yaliingia saa tisa usiku tukatoka na godoro kichwani, asubuhi nikapata vyeti vyangu vimeshikana kama chapati, ukivuta kimoja kinararuka na kingine. Halafu serikali ikasema walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, tingatinga zikaja, kile maji yalituachia nacho kikaenda. (Na tusidanganyane, si tabianchi peke yake, ile mitaro yetu imejaa taka mpaka juu.) Baada ya hapo niliangalia mawingu hata Januari jua likiwaka. Niliitwa intavyuu ya kazi sikuenda, nikajiambia kazi ya nini na kila kitu kitabebwa tu.

Watu wakawa wananitia moyo na Wangari Maathai. Kwa heshima zote, ilinimaliza zaidi. Yeye alianzisha Green Belt, lile vuguvugu la kupanda miti, 1977, Nobel ya amani akapata 2004, mimi hata sukuma wiki ya kwa gunia ilinikaukia.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo tu. Karibu na daraja kuna nguzo ya stima, nikachora na rangi mahali maji yalifika 2024, juu ya kiuno changu, alafu chini yake mstari wa goti na wa kifundo. Idara ya hali ya hewa wakitoa onyo la mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24, naenda kucheki nguzo kila saa na kuandika kwa grupu ya ploti, yakifika goti pandisheni vitu. Mara ya kwanza nilikosea, watu wakahama bure na watoto wamelala, wakanicheka wiki nzima, wakaniita Nuhu. Mara ya pili maji yalipita goti saa nne usiku na mama mboga alikuwa ameshatoa magunia yake ya viazi. Hakusema asante, alinitumia tu kabichi. Nuhu nayo ikabaki.

Kwa hivyo ukiitwa mbele achana na mambo ya dunia nzima, sema maji yalifika wapi kwenu na nani alipoteza nini, hapo hakuna profesa anakushinda.

Usingizi bado sina, nisikudanganye. Juzi saa sita usiku imenyesha, shosho wa nyumba ya chini akanipigia: "Nuhu, tulale ama tusilale?" Nikavaa gamubuti nikaenda na tochi mpaka kwa nguzo. Lala tu shosho, haijafika kifundo.